Daftari la Mahudhurio

Mimi ndiye katibu wa Jumuiya ya Betania,
Vingunguti, upande wa bondeni.
Nina kaunta buku la kwaya nne
(kwaya ya karatasi, si ya kuimba),
jalada nimelivika kalenda ya mwaka juzi.
Bluu kwa aliyekuja, nyekundu kwa asiyekuja.
Miaka tisa sijakosea jina.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi
tunaketi kwenye viti vya plastiki vya Baba Kisamo,
tunaimba beti mbili, tunasoma, tunatoa,
kisha naita.
Atuganile Mwakyoma.
Kimya.
Nyekundu.

Alipofariki, wazee wa kanisa walikaa kikao.
Hawakuuliza alikuwa anaumwa nini.
Waliuliza daftari.
Nikalileta nimelikumbatia kifuani
kama watu wanavyobeba Neno.
Mzee Kirenga akashusha kidole ukurasa kwa ukurasa:
Jumamosi thelathini na moja.
Bahasha ya ahadi, tupu tangu Februari.
"Utaratibu ni utaratibu," akasema,
naye si mtu mbaya,
ndiye aliyemlipia ada mwanangu wa pili.
Mchungaji akatazama feni.
Feni ikazunguka.
Basi: kengele isigongwe, joho lisivaliwe,
kwaya ibaki nyumbani na sare zake.

Nyumba yake sikuijua.
Miaka tisa naandika jina, nyumba siijui.
Nikauliza njia kwa muuza mkaa.

Kaburi la Segerea lilichimbwa na vijana wa machinjioni,
wamekuja na mabuti yao ya mpira, damu ya mbuzi haijakauka.
Ndipo nikajua Jumamosi zake zilikuwa wapi:
saa kumi alfajiri alikuwa amekwisha bandika sufuria,
supu ya kongoro, na asiye na hela
anakunywa kwanza, deni linaandikwa hewani.
Mmoja wao, Shomvi, akaniuliza kwa adabu,
"Dada, kwenu mnamsomeaje?"

Sikuwa na kitabu cha ibada.
Kwenye mkoba nilikuwa na daftari.
Nikalifungua. Sijui kwa nini.
Nikaanza kuita majina ya Betania, wote,
bluu na nyekundu, kwa sauti ya kila Jumamosi,
na hapakuwa na wa kuitika, maana hawakuja,
mpaka nilipofika kwake
na yule kijana, koleo mkononi, akajibu:
"Yupo."

Mpwa wake akaniambia wakati tunanawa
kwamba Atuganile, kwao Rungwe, ni kusema
ametupenda.
Mara thelathini na moja
nimelitia wino mwekundu neno hilo.

Sasa niseme ninachoamini?
Kimepungua. Sijahama,
ingawa ng'ambo ya barabara spika za nabii
zinaniita kwa jina usiku kucha.
Ninawaza tu habari ya wale kondoo mia.
Nimeihubiri mara ngapi kwa akina mama,
sikuwahi kuona kwamba yule mchungaji naye alihesabu.
Alihesabu!
Ila alipokuta pengo
hakutafuta kalamu.
Alitafuta viatu.

Mungu, kama unaniuliza,
simjui vizuri kama nilivyodhani.
Anaweza kuwa ananuka kitunguu na moshi.
Anaweza kuwa hajafika jumuiya tangu Februari.

Jumamosi iliyopita nilipitia machinjioni kwanza.
Sufuria limerithiwa na binti mmoja, chumvi bado hajaiweza.
Nikanywa, nikalipa, nikakaa.
Betania nilifika wanasema amina ya mwisho.
Mzee Kirenga alikuwa amelishika daftari,
miwani puani.
"Katibu, ulikuwa wapi?"
Nikamwambia njoo Jumamosi nikuoneshe,
lakini chukua koti, kuna baridi saa ile.
Hakucheka.
Akanipa daftari langu.

Jina langu, mstari wa kwanza,
mwandiko wake, umetetemeka kidogo:
nyekundu.
Sijaifuta.